Yadi 2,628 na Wale Wanaohesabu

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, Dallas, Texas. Imeandikwa baadaye pamoja na maswali mawili ya mwisho.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, asanteni kwa chai. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, jambo sana. Nanyi vijana mliosimama karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo, na mada ya leo ni yenu kuliko yetu.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie takwimu za mchezaji mmoja mmoja katika mpira wa Kimarekani wa vyuo. Najua kwa nini. Watoto wetu siku hizi wanaucheza mchezo huu katika sekondari za hapa, na kila Jumamosi asubuhi simu yangu inajaa ujumbe wa wazazi: "Kijana wangu jana usiku kakimbia yadi 140, nimehesabu mwenyewe. Mbona wameandika 122?" Wananiuliza mimi kwa sababu kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wale wanaokaa juu, kwenye chumba cha waandishi cha uwanja wa chuo kimoja kidogo hapa Texas, tukiandika nani kabeba mpira na kafika wapi. Malipo yake ni sandwichi na kuegesha gari bure. Lakini ukishaifanya kazi hiyo, kitabu cha rekodi hukisomi tena kama shabiki. Unakisoma kama karani: nani alihesabu, alihesabu nini, na nini kiliachwa nje.

Kwa wazee wasioujua mchezo, nitasema kwa kifupi mno. Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mstari wa goli na mstari wa goli. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne. Unaweza kusogea kwa kurusha au kwa kukimbia nao mkononi. Anayerusha ni kwotabeki. Anayekabidhiwa mpira na kuingia nao katikati ya msitu wa watu ni mkimbiaji. Ukiuvusha mstari wa goli, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Yanatosha.

Sikutaka kuja na orodha ndefu ya majina. Nimechagua chuo kimoja, mtu mmoja, mwaka mmoja. Chuo ni Oklahoma State, kilichoko Stillwater, kama saa nne kwa gari kwenda kaskazini kutoka hapa. Mtu ni Barry Sanders, kijana wa Wichita, Kansas, mwenye kimo cha futi 5 na inchi 8, jezi namba 21. Mwaka ni 1988. Mwaka huo alikimbia yadi 2,628, na hadi leo hakuna mchezaji wa ngazi ya juu ya vyuo aliyefikisha hesabu hiyo katika msimu mmoja.

Yadi 2,628 ni kilomita 2.4. Mtu akisikia hivyo anaweza kucheka, maana Mkenya yeyote hapa ndani alikuwa akienda shule umbali zaidi ya huo. Lakini hizi ni kilomita 2.4 ambazo kila hatua yake kuna watu kumi na moja wanaotaka kukulaza chini, na baadhi yao wana uzito wa kilo 120.

Nataka muisikie hesabu yenyewe mechi kwa mechi, maana jumla inaficha mambo. Miami ya Ohio, 178. Texas A&M, 157. Tulsa, 304. Colorado, 174. Nebraska, 189. Missouri, 154. Kansas State, 320. Oklahoma, 215. Kansas, 312. Iowa State, 293. Texas Tech, 332. Mechi kumi na moja. Mwenye simu na ajumlishe, atapata 2,628 kamili.

Angalieni mambo mawili hapo. Kwanza, siku yake mbaya kuliko zote alipata 154. Kwa mkimbiaji wa kawaida wa chuo, yadi 154 ni siku ya kupigiwa simu na shangazi aliyeko Mombasa. Pili, angalieni mechi tano za mwisho: 320, 215, 312, 293, 332. Hizo ni yadi 1,472 katika mechi tano. Wapo wakimbiaji wazuri waliomaliza chuo bila kufikisha namba hiyo katika msimu mzima hata mara moja. Mechi ya Texas Tech ilichezwa Tokyo, Japani, mwanzoni mwa Desemba. Huko huko Tokyo ndiko alikoambiwa kwamba ameshinda Heisman, tuzo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, kisha akaingia uwanjani akakimbia hizo 332.

Alibeba mpira mara 344, wastani wa yadi 7.6 kila akiubeba. Tachidauni 37 za kukimbia. Ukiongeza mbili alizopata kwa kurudisha mipira iliyopigwa kwa mguu na wapinzani, zinakuwa 39, yaani pointi 234 za mtu mmoja. Na hapa niwaonyeshe jinsi safu za takwimu zinavyogawanywa. Mpira wa kwanza kabisa wa msimu ule, siku ya Miami ya Ohio, ulipopigwa kuanzisha mchezo, Sanders aliudaka akaurudisha yadi 100 hadi golini. Yadi hizo 100 hazimo ndani ya 2,628. Ziko safu nyingine, ya kurudisha mipira. Kwa hiyo msidhani 2,628 ni jumla ya kila alichofanya kwa miguu yake. Jumla ya vyote, kukimbia, kudaka na kurudisha, ilikuwa 3,250.

Sasa, huyu mtu mwaka mmoja nyuma alikuwa nani? Alikuwa wa akiba. Mwaka 1986 na 1987 mkimbiaji wa Oklahoma State alikuwa Thurman Thomas, ambaye naye baadaye aliingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa ligi ya kulipwa. Mwaka 1987 Thomas alikimbia zaidi ya yadi 1,600, na nyuma yake Sanders akaokota yadi 603. Mwaka ule sifa ya Sanders ilikuwa kurudisha mipira, na katika hilo aliongoza nchi nzima kwa wastani. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa rekodi za chuo kile za maisha yote ya mchezaji, jina la juu katika kukimbia si Sanders. Thomas yuko juu yake, na Terry Miller wa miaka ya sabini yuko juu yake. Mtu mwenye msimu bora kuliko wote katika historia ya vyuo siye wa kwanza hata nyumbani kwake, kwa sababu alianza kikosini mwaka mmoja tu kisha akaondoka. Januari 1989 chuo kiliadhibiwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa makosa ya kusajili wachezaji. Sanders hakurudi kwa mwaka wa nne, na Aprili, timu za ligi ya kulipwa zilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa tatu, na Detroit Lions. Rekodi za maisha yote zinampendelea aliyekaa. Rekodi za msimu zinampendelea aliyewaka. Mzazi anayekuja kuniuliza nani bora kati ya wawili, mimi humuuliza kwanza anasoma ukurasa upi.

Kuna watu watano ambao hawamo katika ukurasa wowote. Hawa ni wale wa safu ya mbele, wanaosukuma ili njia ipatikane. Stillwater mwaka ule waliitwa War Pigs, na jina walilipenda. Hawana yadi, hawana tachidauni. Takwimu rasmi haziwajui. Nasema hili kwa sababu naona hapa ndani kina mama wawili au watatu ambao watoto wao ni wakubwa wa mwili na wamepangwa mbele, nao wananiambia, "Mwanangu hatajwi." Ni kweli, mama, hatajwi. Lakini siku mkimbiaji wenu akipata 150, kaangalieni video polepole, mtamwona mwanenu amemlaza mtu chini sekunde mbili kabla. Kwotabeki wa timu ile ya 1988, Mike Gundy, alikuja kuwa kocha mkuu wa chuo kile kile kuanzia 2005, na katika miaka yake wakimbiaji wazuri hawakukosekana. Chuba Hubbard, kijana wa Alberta, Kanada, alifikisha yadi 2,094 mwaka 2019. Ni namba kubwa sana. Bado iko nyuma kwa zaidi ya yadi 500.

Haya, sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Siku ya 30 Desemba 1988, Oklahoma State walicheza mechi ya kufunga mwaka, ile inayoitwa Holiday Bowl, kule San Diego, dhidi ya Wyoming. Walishinda 62 kwa 14. Sanders alibeba mpira mara 29, akapata yadi 222 na tachidauni 5. Nyinyi mnaofuata hesabu mtaniambia: basi 2,628 ongeza 222, rekodi ni 2,850. Na tachidauni za kukimbia ni 42, na zote pamoja ni 44.

Hapana. Rekodi ni 2,628 na 39. Yadi 222 za San Diego hazipo.

Hazipo kwa sababu NCAA wakati ule haikuhesabu mechi za Bowl katika takwimu za msimu. NCAA imekuwa ikiweka takwimu rasmi tangu 1937, na kwa miaka mingi mechi za Bowl zilichukuliwa kama bonanza, shamrashamra za mwisho wa mwaka, si sehemu ya msimu. Halafu mwaka 2002 wakabadilisha: kuanzia sasa, mechi hizo zinahesabiwa. Lakini hawakurudi nyuma kuzijumlisha zile za zamani. Aliyecheza Bowl mwaka 2001, yadi zake za siku hiyo zimebaki nje. Aliyecheza 2002, zake zimo.

Ongeza na hili: msimu wenyewe umerefuka. Sanders alihesabiwa mechi 11. Kuanzia 2006 msimu wa kawaida ni mechi 12. Juu yake kuna mechi ya ubingwa wa kanda, kisha Bowl, kisha siku hizi michuano ya mtoano. Mtu wa leo anafikisha 14 au zaidi na zote zinaandikwa.

Basi tuwaone waliomfukuza. Mwaka 2007 Kevin Smith wa Central Florida alifikisha 2,567. Mechi 14. Mwaka 2014 Melvin Gordon wa Wisconsin alifikisha 2,587. Mechi 14. Gordon huyu alibeba mpira mara 343, pungufu ya Sanders kwa moja tu, akakosa rekodi kwa yadi 41. Mwaka huo huo wa 2014 Gordon aliwapiga Nebraska yadi 408 katika mechi moja, rekodi ya nchi, na rekodi ikakaa wiki moja tu: Jumamosi iliyofuata kijana wa mwaka wa kwanza wa Oklahoma, Samaje Perine, akapata 427 dhidi ya Kansas. Hiyo ya 427 bado ipo.

Kisha akaja Ashton Jeanty wa Boise State, 2024. Huyu wengi wenu mlimwona kwenye televisheni. Alipofika mechi yake ya 14, Fiesta Bowl, dhidi ya Penn State, siku ya 31 Desemba, alikuwa anahitaji yadi 132 kumpita Sanders. Kwa mtu aliyekuwa na wastani wa zaidi ya 190, ulionekana kama mzigo mwepesi. Penn State walimbana. Alibeba mara 30 akapata 104. Akamaliza na 2,601. Zilibaki 27 kuifikia, 28 kuivunja.

Mimi nilikuwa namshangilia Jeanty, sifichi. Lakini karani ndani yangu alikuwa anapiga hesabu nyingine. Kwa kila mechi, Sanders ni 238.9. Jeanty ni 185.8. Gordon ni 184.8. Pengo la yadi 50 kila mechi! Hao hawakuwa wanashindana na mtu. Walikuwa wanashindana na kalenda, na kalenda ilikuwa upande wao. Ni vivyo hivyo na ile 3,250 ya jumla. Christian McCaffrey wa Stanford aliivunja 2015 akafikisha 3,864, na rekodi ni yake kihalali. Lakini gawanya: McCaffrey 276 kwa mechi, Sanders 295. Na tachidauni 39? Montee Ball wa Wisconsin alizifikia mwaka 2011, kwa mechi 14. Kitabu kinawaandika bega kwa bega, 39 na 39.

Sasa kuna wanaosema NCAA imemdhulumu Sanders. Mimi siungani nao sana. Sanders hajapoteza kitu. Rekodi ya yadi ni yake kwa hesabu ndogo na ni yake kwa hesabu kubwa. Anayeumia ni mwingine, na kisa chake ndicho ninachowapa vijana kila wanaponiambia namba hazidanganyi.

Ron Dayne alichezea Wisconsin kuanzia 1996 hadi 1999. Mtu mkubwa, mzito, wa kupita katikati. Alipomaliza, NCAA ilimwandikia yadi 6,397 za maisha yote, akamvua rekodi Ricky Williams wa Texas aliyekuwa na 6,279, ambaye naye mwaka 1998 alikuwa amempita Tony Dorsett wa Pittsburgh, 6,082. Ukijumlisha mechi nne za Bowl alizocheza Dayne, anakuwa na 7,125. Tofauti ni yadi 728 ambazo watu walizilipia tiketi kuziona, zikapigwa picha, zikatangazwa redioni, ila kitabuni hazipo.

Mwaka 2016 Donnel Pumphrey wa San Diego State, mtu mwembamba, mwepesi, mzuri kweli kweli, alifika Las Vegas Bowl akiwa karibu na 6,397. Mechi za Bowl za miaka yake yote minne zimehesabiwa. Na siku hiyo, ndani ya mechi ya Bowl, akaipita. Alimaliza na 6,405. Yadi 8 zaidi ya Dayne. Ikatangazwa: mfalme mpya.

Fikirieni hilo. Rekodi ilivunjwa katika aina ya mechi ambayo aliyekuwa akiishikilia hakuruhusiwa kuhesabiwa. Pumphrey hana kosa hata kidogo. Alicheza mechi alizopangiwa. Lakini mimi ningekuwa na kalamu ya NCAA, ningefanya moja kati ya mawili: ama nirudi nyuma nijumlishe za zamani, maana karatasi za mechi zipo na kazi yenyewe ni ya makarani, ama nitenganishe vitabu, kabla ya 2002 na baada yake. Kuweka mizani miwili kwenye duka moja na kumtangaza mshindi hakufai. Ukienda Madison, Wisconsin, watakwambia rekodi ni 7,125 na hawatakupunguzia hata yadi moja. Nao, kwa macho yangu, wana haki.

Upande wa ulinzi mambo ni mabaya zaidi, nitapita haraka. Kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha, jambo ambalo leo linamfanya kijana apate mamilioni, NCAA ilianza kuliweka kwenye takwimu rasmi mwaka 2000 tu. Derrick Thomas wa Alabama aliwaangusha makwotabeki mara 27 katika msimu mmoja, na msimu wenyewe ni huo huo wa 1988. Rekodi rasmi ni ya Terrell Suggs wa Arizona State, mwaka 2002: mara 24. Mtakubaliana nami kwamba 27 ni kubwa kuliko 24.

Turudi kwa mzazi wangu wa Jumamosi asubuhi, wa 140 na 122.

Juu pale chumbani tunakaa kwa mstari. Mmoja ana darubini, anasema kwa sauti isiyo na hisia: "Ishirini na nane kabeba, kaangushwa na hamsini na nne, mpira yadi ya thelathini na nane." Wa pili anaandika kwenye kompyuta. Wa tatu anaandika kwa penseli, kwa sababu kompyuta huzimika. Hakuna nusu yadi. Kila kitu ni yadi nzima. Na kumbuka, tunapima kuanzia mpira ulipowekwa kabla ya mchezo, si pale kijana alipokabidhiwa. Kijana wako akipewa mpira yadi 5 nyuma ya mstari akakimbia hadi yadi 3 mbele yake, wewe jukwaani umeona yadi 8. Sisi tumeandika 3. Akiangushwa yadi 4 nyuma, hizo 4 zinatolewa kwenye jumla yake. Na akikimbia yadi 40 halafu refa akatupa kile kitambaa cha njano kwa sababu mwenzake kamshika mtu, huenda zile 40 zikafutwa zote, au zikakatwa hadi pale kosa lilipotendeka. Wewe ulishaimba. Sisi tumefuta.

Kwa kwotabeki ni chungu zaidi. Katika vyuo, akiangushwa kabla hajarusha, yadi alizorudi nyuma zinakatwa kwenye hesabu yake ya kukimbia. Katika ligi ya kulipwa zinakatwa kwenye hesabu ya timu ya kurusha. Chukua mfano: kijana kakimbia mara 10 kwa yadi 60, kisha kaangushwa mara tano kwa yadi 35. Chuoni ataandikiwa yadi 25 za kukimbia. Miguu yake imefanya kazi ya 60. Ndiyo maana mnaona kwotabeki mwepesi kama swala ana namba za kuchechemea, na wengine wanamaliza mechi chini ya sifuri kabisa.

Kabla sijakaa, nimalizie habari za Sanders mwenyewe, kwa sababu kuna jambo linalotuhusu Waafrika. Mwaka wake wa kwanza katika ligi ya kulipwa, 1989, Detroit walicheza mechi ya mwisho ya msimu Atlanta. Detroit wanaongoza, dakika zinayoyoma. Kocha Wayne Fontes akamwambia: umebakiza yadi 10 tu umfikie anayeongoza ligi nzima kwa kukimbia, unataka kurudi uwanjani? Mtoto wa mwaka wa kwanza! Sanders akakataa, akasema waachiwe wengine wacheze. Akamaliza na 1,470. Aliyeongoza ligi mwaka ule, kwa 1,480, ni Christian Okoye wa Kansas City, mtu aliyezaliwa Enugu, Nigeria, aliyekuja Marekani kwa riadha na kuanza kuucheza mchezo huu akiwa chuoni. Kwa hiyo kitabu cha ligi kina jina la Mwafrika juu kabisa mwaka 1989. Okoye alizikimbia zake 1,480 kihalali, msije mkasema alipewa. Ila jirani yake katika orodha aliulizwa kama anataka kumpita, akasema hapana. Miaka kumi baadaye, 1999, Sanders alistaafu akiwa na 15,269, zikiwa zimebaki 1,457 kuifikia rekodi ya Walter Payton, na kwa jinsi alivyokuwa bado anakimbia, hiyo ilikuwa kazi ya msimu mmoja hivi. Tangu 2021 kuna sanamu yake nje ya uwanja wa Stillwater. Mkipita njia hiyo kwenda Kansas, simameni mpige picha.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo kwa maswali.

Mama mmoja aliuliza: "Kaka, hizo namba makocha wa vyuo wanaziangalia kweli? Au tunajisumbua?"

Dada yangu, ninavyowaona wakija uwanjani kwetu, wanatazama video kwanza. Namba zinamfanya kocha afungue video. Baada ya hapo anaangalia miguu, mabega, na kama mtoto anaamka haraka akiangushwa. Namba za sekondari wanazijua kwamba zinategemea mnacheza na nani na nani anaandika. Kwa hiyo mzazi asigombane na karani wa shule kwa sababu ya yadi 18. Bali kama mna video, itunzeni vizuri, na jezi ionekane. Na alama za darasani, dada, maana hizo wanaziomba kabla hata ya video.

Kijana mmoja wa karibu na mlango aliuliza: "Anko, rekodi ya Barry itavunjwa?"

Itavunjwa, naona. Si kwa sababu atatokea mtu bora kuliko yeye. Tangu 2024 michuano ya mtoano ina timu 12. Timu inayofika mwisho inaweza kucheza mechi 16, hata 17 ikipita kila mlango: 12 za kawaida, moja ya ubingwa wa kanda, nne za mtoano. Zote zinahesabiwa. Kwa mechi 16, mkimbiaji anahitaji wastani wa yadi 164 na ushee. Wapo wanaoweza.

Lakini toa simu yako, tupige hesabu moja. Chukua siku mbaya kuliko zote za Barry mwaka 1988, ile ya Missouri. Ngapi? 154. Sasa mpe mtu wa leo mechi 17, na kila mechi apate 154, asipungue hata mara moja. Zidisha. Unapata ngapi?

"2,618."

Bado 10.